Viroboto wa Paka Wetu Kairu

Mama yangu,

Leo asubuhi mjukuu wako Kanana amepiga magoti hapa uani kwangu Kiirua, akamweka paka wangu juu ya kitambaa cheupe na kuanza kumchana. Ndiyo kazi aliyosomea. Anakusanya viroboto wa mbwa na paka wa majumbani, anawapeleka maabara kutafuta bakteria wanaowaletea watu homa. Nilikaa kigodani nikimtazama, jua likinipiga mgongoni, na kabla sijajua nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa nimelala tena kwenye ngozi karibu na mafiga yako, nawe ukininywesha maji kidogo kidogo.

Unakijua kijiji ninachokisema. Kile cha siku za Hali ya Hatari ya mkoloni, tulichohamishiwa nyumba yetu ilipochomwa, chenye handaki pande zote na nyumba zimebanana hata jirani akikohoa unamwambia pole. Baba alikuwa kizuizini. Panya walikuwa wengi kuliko sisi, na kila aliyeweza alifuga paka. Wetu ulimwita Kairu kwa weusi wake.

Homa ilianza na watoto. Ya kwangu naikumbuka kama ndoto, wala si ndoto mbaya, nikuambie ukweli. Paa la nyasi lilikuwa likipanda na kushuka taratibu, kama linapumua. Kairu alipita juu yangu akiwa mkubwa kama ndama. Ukungu uliingia mlangoni ukatoka, ukaingia tena, na kila ulipoingia ulikuja na harufu yako ya moshi na majani ya viazi. Kichwa kiliniuma kwa mbali, kama ni cha mtu mwingine. Wewe ndiye hukuwa ndotoni, ulikuwa macho na hofu yako. Mtoto wa jirani alikuwa ameshazikwa, na vidonge vya malaria havikunisaidia kitu.

Kisha ikatangazwa kwamba Bwana Afya, ofisa wa afya wa serikali, angekuja kuchukua viroboto. Alitaka wakaangaliwe maabara wamebeba ugonjwa gani, ndipo ijulikane dawa ya kutuletea. Wanawake wa kijiji walisikia mengine kabisa. Walisikia kwamba mgeni wa serikali anakuja kutazama nani mchafu. Ukazuka na uvumi kwamba nyumba itakayopatikana na viroboto itachomwa moto, na nani angebisha, sisi ambao tulikuwa tumeshachomewa? Basi watu wakajituma! Sakafu zikakandikwa upya kwa samadi, majivu yakamwagwa kila pembe, mbwa na paka wakaogeshwa kwa maji ya tumbaku mpaka wakapiga chafya. Kijiji kikapendeza utadhani kuna harusi.

Bwana Afya akachana mbwa, akachana paka, hakupata hata kiroboto mmoja. Ulinisimulia baadaye jinsi alivyofunga beseni lake kwenye baiskeli akitikisa kichwa.

“Bila viroboto hakuna jibu,” alisema. “Na bila jibu, mimi nitaleta dawa gani?”

Ndipo ukapita katikati ya watu na kiondo chako, Kairu akichungulia kutoka ndani.

“Kwangu iko,” ulimwambia kwa Kiswahili chako cha sokoni.

“Iko nini, mama?”

“Viroboto. Iko mingi. Mtoto yangu ni mgonjwa, mimi sina saa ya kuosha paka. Chukua yote.”

Wengine walicheka, wengine wakageuza nyuso kwa kukuonea aibu. Mlinzi wa serikali aliyefuatana naye akauliza nyumba yako ni ipi. Ukamwonyesha kwa kidole, ukijua vizuri yaliyokuwa yakisemwa kuhusu moto. Sijui moyo huo uliutoa wapi, Mama.

Kairu alichanwa juu ya beseni jeupe lenye maji. Viroboto wakaanguka, wakaelea, na Bwana Afya akawaokota mmoja mmoja na kuwatia chupani, amefurahi kama mtu anayechagua kunde nzuri.

Jibu lilirudi. Viroboto wa paka wetu walikuwa na vijidudu vya homa ile, na dawa ikaja, chungu hata leo naisikia kwenye ulimi. Nyumba haikuchomwa. Tulinyunyiziwa tu unga mweupe wa kuua viroboto kila mahali, na Kairu akawa paka mweupe kutwa nzima. Watoto waliokuwa wamelala wakaanza kuamka na kuomba uji. Mimi niliomba viazi.

Lakini jina lilikuwa limeshakuganda. Mama Viroboto. Mtoni Mama Viroboto, kanisani Mama Viroboto, hata kwa wale ambao watoto wao waliamka kwa ajili yako. Ulicheka nao. Ukirudi nyumbani unafagia, halafu unafagia tena palepale. Baba aliporudi na kusikia unavyoitwa, alicheka hadi akaegemea ukuta, naye hakuwa amecheka tangu ateremke kwenye lori lililomtoa kizuizini. Mimi liliniuma. Hata hivyo, siku tulipokuzika, mchungaji alisoma jina lako la ubatizo na hakuna aliyethubutu kulitaja lile lingine, nami nikahisi kama tunamzika mama wa mtu mwingine.

Kanana ametoka hapa akaenda kwa jirani. Jirani alikuwa ameshaogesha mbwa wake kwa sabuni ya kunukia, asije akaaibika mbele ya mgeni. Nimecheka mpaka nikatokwa na machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Nimekukosa sana, Mama. Mwili huu uliouokoa umezeeka vizuri, na bado unakutafuta kila ukungu unapoingia mlangoni.

Kabla hajaanza kumchana paka wangu, Kanana aliniuliza kwa adabu kama ana viroboto.

“Iko mingi,” nikamwambia. “Chukua yote.”

Akashika kalamu, akaniuliza aandike kwenye chupa kwamba paka huyu ni wa nani. Nikamtajia jina langu, hili hili ninalotia hapa chini. Weka ufagio chini sasa, upumzike.

Ni mimi,
Mtoto wa Mama Viroboto