Bwana Mifugo Hana Binti wa Kuoza

Ndugu Mshauri, nisaidie kabla mvua hazijakatika, kwa maana zikikatika baba yangu mdogo ataswaga mtamba wa ng'ombe kwenda Tarime kwa bwana mifugo na mimi nitakwisha.

Mimi ni kijana wa Susuni, nimesoma hadi darasa la sita, niliitwa na bwana mifugo, Mzee Rubeni, aone kama nafaa kuwa msaidizi wake wa kuchanja ng'ombe, akaniuliza habari za ugonjwa wa sotoka nikajibu, akanipa dume kali nilishike nikalishika, mwisho akasema, "Vema, mnada ukipita uje tuonane," nikarudi nimefurahi, lakini baba mdogo Heche, aliyenilea tangu baba afariki, akanikataza, akisema, "Wee Mwikwabe, umeona wapi mwanamume akajipeleka mwenyewe kuuliza kama amekubaliwa? Hutumwa mshenga!" basi mnada ulipopita akaenda yeye na mbuzi, kama tunavyokwenda kwa wakwe, naye Mzee Rubeni akamtazama yule mbuzi akasema, "Mimi namngoja kijana, naona imeletwa posa. Sina binti wa kuoza, mzee wangu, rudi na mbuzi wako," watu wakacheka, baba mdogo akarudi amenuna ila hajakata tamaa, anasema kosa lilikuwa udogo wa mbuzi, safari ijayo atapeleka mtamba, sasa nikienda mwenyewe nitamvunjia heshima, nisipoenda kazi atapata mwingine, na hata nikienda nitamtazamaje Mzee Rubeni?

Mwikwabe, Susuni

Mwikwabe,

Nimesoma barua yako mara mbili, na hakuna mahali uliposema umekataliwa. Aliyekataliwa ni mbuzi.

Mzee Rubeni alikwambia uje. Hakumwita baba yako mdogo, wala hakutaja mnyama. Hata alipomrudisha mbuzi alisema anamngoja kijana. Kijana huyo ni nani kama si wewe? Umekishika kicheko cha watu, ukaliacha neno lenyewe.

Aibu yako naielewa, lakini mtu aliyeshika dume kali hashindwi kubisha hodi.

Baba yako mdogo simlaumu. Njia ya kwa wakwe anaijua, na siku yako ikifika utamshukuru. Ila kazi haiposwi. Bwana mifugo anatafuta mtu atakayefika Itiryo na Kemambo kwa miguu yake, mvua ikinyesha. Akiona umemtuma mshenga, atadhani hata sindano utamtuma mtu akuchomee.

Usimtoroke baba yako mdogo. Leo jioni mwamkie, kisha sema, "Baba, Mzee Rubeni ameniita mimi. Naomba baraka zako nikaitike." Ndiyo kweli yenyewe, na hakuna mzee wa kwenu atakayemzuia mtoto kuitika anapoitwa na mkubwa.

Kesho asubuhi nenda, matope yasikuzuie. Nenda mikono mitupu. Sema, "Shikamoo mzee. Ni Mwikwabe wa Susuni. Uliniambia nije mnada ukipita, nimechelewa, unisamehe. Kazi bado naitaka." Halafu nyamaza. Baba yako mdogo usimseme vibaya, wala mbuzi usimtaje. Mzee Rubeni akimtaja mbuzi mwenyewe, cheka naye. Akikwambia nafasi imekwisha jazwa, muulize nyingine itatokea lini, na siku hiyo uwe mlangoni kwake.

Mtamba abaki zizini. Siku utakayoposa kweli, utamhitaji.