Babu Wawili Kitanda Kimoja

Mama mdogo,

Imefunguka! Ile formação yetu, mafunzo ya manesi ya kwenye celular, ile uliyokuwa ukinambia, "Weye unachezea simu tu," manesi wanaisoma. Hata Mbau, huko rede ya simu inakuja na kuondoka inavyotaka. Picha nzito zote nimezitoa, nimebakiza sauti na maandishi, sasa haili megas, data kidogo tu.

Lakini si hilo. Ngoja nikwambie.

Unakumbuka somo la majina? Wakubwa wa mjini walitaka iwe hivi: nesi amuulize mama jina la mtoto, kisha ampe dawa, basi. Ukacheka pale kitandani mpaka ukakohoa. "Kwani hao hawana wakwe?" Ukanieleza: mtoto akipewa jina la mkwe, mamake hawezi kulitamka, adabu haimruhusu. Atasema "Babu." Na wodini kina Babu tele! Hilo ndilo lilokutisha siku zote za unesi wako, kwamba iko siku sindano ya Babu huyu ataipata Babu yule. Nikaandika ulivyosema: mama usimlazimishe, muulize bibi au shangazi aliyemsindikiza, ufananishe na kadi, ndipo udunge.

Ukafa sijamaliza. Niliogopa, mama mdogo. Nani angenisikiliza mie, mtu wa kujifundisha mwenyewe, diploma sina? Na kama hawasikilizi, je, mtoto wa watu?

Sasa sikia. Jumatatu nesi wa Mbau kanipigia, sauti yote juu: "Kaka, Babu wawili! Kitanda kimoja!" Mmoja ana kifua, kaandikiwa penisilini. Mwenziwe, penisilini hiyohiyo ilishamvimbisha koo nusura afe. Sindano ishavutwa. Nesi kaita, "Babu!" Na mama wa yule wa pili ndiye kamleta wake mbele, mbiombio, kwa adabu zake.

Nesi kasimama. Kalikumbuka somo. Kamuuliza bibi jina, katazama kadi.

Siye!

Nimelia, mama mdogo, halafu nikacheka peke yangu, mpaka jirani kauliza, "Vipi, umeposa?" Kifua chepesi! Sijui nilikuwa nimebeba nini.

Basi lala, mama yangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi, kila nesi mgeni atakayeletwa huku nitamfuata, nimkalie hapohapo mpaka alisikilize somo lako lote. Atanichukia, na anichukie.

Babu wote wawili washarudi makwao.

Mwanao,
Saidi