Kijiko na Mama Zake Wawili

Nyumbani,
Jumapili mchana, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanajua saa zake za kulala? Sisi huku miili ni mizima. Roho yangu ndiyo imejaa wivu, na sina wa kumwambia ila wewe.

Unamkumbuka Kijiko, mtoto tunayemlea tangu watu wa ustawi wa jamii walipomtoa kwa mama yake kwa sababu ya ulevi. Alikuja ameshika kijiko, anamchekea kila mtu, hata fundi bomba. Nikamsifu kwamba ni mtoto mpole. Afisa wake wa ustawi akasema mtoto anayemwendea yeyote bado hana mtu wake. Akaniagiza nimwitikie kila akilia, hata akililia upuuzi, mpaka ajue mimi ni mtu wake.

Basi nikawa wake. Siku hizi nikiingia chooni, anagonga mlango kwa kijiko mpaka nitoke.

Mama yake ameacha pombe, na huja kumwona ofisini kwa afisa, kwenye chumba chenye zulia na wanasesere. Amesuka vizuri, mikono haitetemeki tena. Simpendi. Humbusu mtoto utosini, palepale ninapombusu mimi.

Wiki iliyopita afisa aliniomba nitoke kidogo. Kijiko akaangua kilio. Niliporudi alinirukia shingoni, akanyamaza. Dada, nilimtazama yule mama kwa jeuri, nikijua nimeshinda. Nikamuuliza afisa kama sasa mtoto atabaki kwangu.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakingojea, mama," akaniambia taratibu. "Ameshajua kukutegemea wewe, kwa hiyo ataweza kumtegemea na mama yake. Sasa tunaweza kuanza kumrudisha."

Kumbe muda wote nilikuwa namfundisha kuondoka.

Juzi Ijumaa alijikwaa pale kwenye zulia, akaumia mdomo. Nilikuwa karibu zaidi, mikono nimeshaifungua. Akanitazama, akanipa kijiko nimshikie, akaenda kulia kwa mama yake.

Nisalimie shemeji, shangazi na wale mapacha wako watundu. Mungu awafunike nyote. Tafadhali usiniandikie kwamba nimefanya kazi nzuri, afisa ameshaniambia na haijasaidia.

Kijiko hakukidai kijiko chake. Ninacho hapa mezani.

Wako akupendaye,
Mdogo wako