Namba ya Papa Kalaba

Makomeno, Lubumbashi, tarehe 13 mwezi wa sita 1984

Papa mupendwa,

Jambo sana. Muko namna gani pale Kipushi? Mama anaendelea muzuri? Na kile kikohozi chenu cha Pasaka, kiliisha kweli ao munanificha? Miye mwili hauna shida. Tantine Albertine anawasalimu, anasema mulimuachia mutoto mulafi, mutume hata mufuko mumoja wa unga.

Siku ya posho ya juma lililopita Bijou wa Tantine alileta barua ya Mama. Mama aliandika habari ya shamba, habari ya mvua, na mwisho kabisa, kama kintu kidogo, akaongeza kwamba jirani yetu Papa Kalaba anatema damu, na ninyi munasema ni vumbi ya chini ya mugodi tu, itapita. Papa, haitapita! Niache kwanza nieleze masomo yangu, juu kila mara munaniuliza hesabu gani hii ya licence ya université isiyoisha.

Mwaka huu wa mwisho tunajifunza kujua hali ya bantu mia sita na makumi ine kwa kuangalia makumi ine tu. Kila muntu anapewa namba. Kisha unafungua kitabu chenye kujaa namba zisizo na mupango, unashusha kidole, na namba inayotoka njo hiyo, akiwa mukubwa ao ndugu yako, hakuna kuchagua. Professeur Kunda alituambia mbele ya darasa yote kwamba mwenye kugeuza namba moja amegeuza kazi yote, na hatamusamehe hata akiwa mutoto wake wa tumbo. Hospitali ilikubali kupiga picha ya mapafu kwa wafanyakazi makumi ine wa chini ya mugodi, kati ya wote mia sita na makumi ine. Kutosha majina kwa kitabu kile ilikuwa kazi yangu.

Munakumbuka siku liste ya majina ilibandikwa? Mulichinja kuku. Mulisema kati ya bantu wote wale Mungu alisoma jina lenu, Chomba. Papa Kalaba alikuja kula na sisi, mukamupa firigisi, akasema bahati ilipita mbele ya mulango wake ikaingia kwenu, na akawapongeza bila wivu hata kidogo. Picha yenu ikatoka safi, kumbe ni tumbako tu. Nilifurahi sana, Papa, hiyo sitaficha.

Papa, haikuwa Mungu. Ilikuwa miye. Kidole changu kilianguka juu ya 418, na 418 ni Papa Kalaba. Likizo yote ya Pasaka nilikuwa nawasikia munakohoa nyuma ya ukuta, na woga ulinishinda. Nikakata jina lake, nikaandika lenu. Nilijiambia jina moja kati ya makumi ine haliwezi kuharibu kintu.

Jana asubui nilienda kwa Professeur Kunda, nikamuambia yote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alifuta kazi yangu yote, akasema nitarudilia mwaka. Kisha akaandikia daktari wa hospitali kwamba Papa Kalaba apigwe picha bila kungoja. Kartasi yake iko ndani ya bahasha hii.

Mumupeleke leo, Papa, nawaomba, si kesho. Najua mutakasirika, mutasema nimepatisha nyumba haya mbele ya majirani. Mutanitukana nikija, nitapiga magoti nisikilize. Lakini munamujua Papa Kalaba na kiburi chake. Atakataa, atasema picha zilikuwa za wale walioitwa, yeye hakuitwa. Mumuambie aliitwa tangu mwezi wa tano, mutoto wenu njo alimufungia mulango. Mumuambie kuku ile alikula kwetu ilikuwa ya bahati yake mwenyewe.

Mumusalimie Mama sana, na majirani wote wenye bado kunipenda. Mama asiniandikie tena habari ya shamba. Aniandikie picha ilionyesha nini.

Ni miye mutoto wenu,
Mwape