Kilomita Sita, Ghali Mno

Guangzhou, 18 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Mimi mzima, baridi tu inanitafuna masikio.

Jumapili tunavunja jungu kabla ya mfungo. Watu kumi na wawili tunakwenda kutembea mashambani, nje ya mji. Kiongozi nani? Mwanao! Ami Haroun kasema nikiwafikisha kituo cha basi cha upande wa pili, nabaki naye kazini huku sokoni. Nikiwapoteza, narudi Unguja kurudia Kidato cha Pili na vitoto. Thubutu! Kichina nakisema kama nimezaliwa nacho.

Mwanao, Yasir

Unguja, 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila bibi yako na magoti yake. Kichina kipi? Kiswahili chenyewe ulipata kumi na moja kwa mia! Mwalimu kakuwekea kiti chako. Vaa soksi mbili.

Mama yako

Guangzhou, 24 Februari

Mama,

Shikamoo. Magoti ya bibi yanaendeleaje? Yangu yamekwisha, lakini nimesimama!

Nisikufiche: tulipotea. Ukungu, manyunyu, njia zimegawanyika mashambani, simu hazishiki. Nyokabi, Mkenya mmoja muuza vitambaa, akaanza: "Kiongozi, Unguja ni upande gani?" Wakacheka wote, isipokuwa ami.

Nikamwona bibi mmoja wa Kichina anachuma mboga. Nikamwuliza kituo. Akanyoosha kidole gumba na cha mwisho, ndiyo sita ya huku. Kilomita sita! Na Kichina changu chote cha sokoni, mama. Mdomo ukaropoka wenyewe: "Tai gui, laoban!" Yaani ghali mno, bosi, punguza!

Bibi akacheka mpaka akakalia kapu lake. Kisha akanyoosha vidole viwili, akafungua geti la shamba lake, akatupitisha katikati ya miti iliyochanua. Kilomita mbili tu! Kituoni nikahesabu: kumi na wawili, hakupungua mtu. Nani mwengine kapunguziwa njia duniani?

Kuhusu kazi, ami bado hajaamua.

Mwanao, Yasir

Unguja, 26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Ami yako kapiga simu jana, kacheka mpaka kakohoa. Kasema, "Shemeji, huyu niachie."

Leo nimekwenda skuli mwenyewe, nimemwambia mwalimu kiti ampe mwengine. Kutoka hapo nimepita sokoni, nikamwambia muuza pweza, "Tai gui!" Hakunielewa. Nikaondoka kifua mbele.

Mfungo mwema.

Mama yake kiongozi