Kitambaa cha Bi Zuhura

Mwananyamala,
Alhamisi, 12 Juni 1997.
Asubuhi mawingu na manyunyu, kaubaridi kidogo.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya Tukuyu? Ile dawa ya kuchua niliyompa mjomba ilikufikia? Mimi mwili mzima, ila tangu nirudi kutoka kazini situlii. Nakaa, nainuka, naenda kuangalia kama bomba limeanza kutoa maji. Bado.

Nilikuambia leo ndiyo siku ya kupimwa: kazi ikienda vizuri kampuni yetu ya kompyuta inaniajiri moja kwa moja, ikiharibika nafungasha. Nilitumwa kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Kimenunuliwa na wenyewe wapya, na wafanyakazi wanapunguzwa. Ofisini kuna sanduku la chuma, kama kabati dogo, linalounganisha kompyuta zote. Nilitakiwa kuchomeka ndani yake kadi ya kusimamia mtandao, ile inayoonyesha kwenye skrini kitu gani kinaumwa.

Nikavua bangili, nikafunga mkononi mkanda wa kuzuia umeme wa mwilini, nikasukuma kadi taratibu kwenye reli zake mpaka ikakaa, nikakaza skrubu. Taa ya kijani ikawaka. Nikashusha pumzi.

Muda si muda, nyekundu. Skrini ikasema sanduku limepata joto kupita kiasi.

"Wewe binti," meneja akasema, "kabla hujaligusa halikuwa na homa. Umelichokonoa, sasa linalia."

"Homa ilikuwepo, mzee. Halikuwa na wa kulisemea tu." Nilijibu hivyo, ingawa sikujua bado joto linatoka wapi.

Nikazunguka nyuma. Mama, juu ya sanduku palikuwa na kitambaa cha kufuma, maua kama ya kile cha redio yetu. Nilikuwa nimekiona tangu naingia, hata sikukijali. Nani hana kitambaa kama hicho kwao? Kumbe nyuma kimeshuka mpaka chini, kimeziba matundu ya feni yote.

"Nani kaweka hiki?" meneja akauliza.

Mie nilishajua. Bi Zuhura, katibu muhtasi wao, mama mtu mzima wa hapahapa Temeke, asubuhi alinipa chai huku anafuma kingine kwa uzi uleule. Nikainamisha uso.

"Ni mie," akasema mwenyewe. "Vumbi la hapa mnalijua. Dude la thamani vile, ningeliacha uchi?"

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Alikikunja kitambaa, akamwita ofisini kwake, akafunga mlango.

Taa ilirudi kijani. Meneja alimpigia simu bosi wangu akiwa humohumo ndani, na jioni bosi akaniambia: nimeajiriwa, Mama. Lakini gari lilipokuja kunichukua, mlango ule ulikuwa haujafunguliwa. Bi Zuhura angekaa kimya, ningeambiwa mimi ndiye niliyekishusha wakati nachomeka kadi. Nashindwa hata kufurahi.

Kesho narudi kule kumalizia kazi. Kile kitambaa unachonifumia, kimalize, umpe mjomba akija. Nitampelekea Bi Zuhura akitandike mezani, kama nitamkuta bado yupo kazini.

Msalimie bibi, umwambie bado nakula ugali. Msalimie kaka Ambokile wa mashine ya kusaga, na dada Tumaini na wanafunzi wake. Mwombeeni Bi Zuhura, mama wa watu.

Mwanao anayekukumbuka,
Atupele

Maji yametoka, nimejaza ndoo zote. Saa tisa kasorobo usiku, nazima taa nilale.