Vibao vya Nyuma ya Boti Yetu

Mpendwa baba,

Shikamoo. Leo sitasubiri uitikie, nina neno la kukuambia: boti yako inarudi ziwani.

Baba mdogo alitaka tuigeuze birika la kunyweshea ng'ombe. Nilimwambia kama ng'ombe wake wana kiu, awachimbie kisima. Alininunia wiki nzima.

Unakumbuka ulipoileta hapa kwetu Mwankoko juu ya lori, watu wakauliza fundi wa majembe ya ng'ombe amepatwa na nini? Ulitaka kuwatembeza wageni wakaone ndege wa Ziwa Singida. Lakini kila ukiongeza mwendo pua iliinuka, nyuma kukazama, ukawa unaendesha bila kuona mbele. Ulianza kwa kupanga magunia ya mchanga puani. Kisha ukasikia kuna vibao viwili vya chuma hufungwa nyuma, chini. Maji yakivisukuma, nyuma inainuka na pua inashuka. Siku ileile ulikata plau kuukuu ukavitengeneza. Nilikuwa nimekushikia chuma ukichomelea, nikakuuliza kama chumvi ya ziwa haitakila.

"Mama, hili ni ziwa," ukanijibu. "Siyo bahari."

Na ng'ombe wetu wenyewe wanashuka ukingoni kulamba magadi! Nilicheka tu, sikubisha. Hilo bado linaniuma.

Chumvi ilikila kibao cha kulia polepole. Kiling'oka tukiwa kasi. Cha kushoto kikaendelea kuinua upande wake, boti ikalalia kulia, na mama akaenda majini na kanga zake. Ulimvuta kwa mkono mmoja. Hukuigusa tena boti, na mpaka unafariki mama hakuruhusu hata itajwe mezani.

Sasa nimechagua vibao vipya mwenyewe, bila haraka. Muuzaji wa Dar alining'ang'aniza vya umeme. Nikamwambia betri yetu ni ndogo, nataka vya springi, vinavyojirekebisha kadiri mwendo unavyobadilika, na viwe vya chuma kisichoshika kutu. Nyuma ya boti nilipima mara tatu: injini imekula nafasi, kwa hiyo nimechukua vyembamba ila virefu. Kati ya chuma na alumini ya boti nimeweka mpira, na kila kibao nimekifungia kipande cha zinki ili chumvi ianze na hicho. Kikiisha nafunga kingine. Nitavikagua kila Jumamosi, wanaotaka kucheka wacheke.

Nilikukasirikia sana, baba, halafu nikakukumbuka mpaka nikalia huku nimeshika spana. Hasira imeisha. Kukukumbuka hakujaisha.

Jumapili baada ya ibada tunaishusha majini. Mama alisema atakaa nchi kavu aniombee. Jana nilimkuta chumbani amevaa jaketi la kuokolea maisha, anahangaika na vifungo.

"Hili linanibana," akasema bila kugeuka. "Nitafutie kubwa."

Pumzika, baba. Usukani ninao.

Binti yako wa kwanza